Mwimbaji Aliyeshusha Ufunguo: Je, Tumwendee Tena Tuliyempenda Ujanani?

Mwezi uliopita, katika bustani moja kando ya Barabara ya Ngong, nilimsikiliza tena jukwaani mwimbaji ambaye mara ya mwisho kumwona nilikuwa kidato cha nne, miaka 38 iliyopita. Sitamtaja jina, kwa kuwa hoja iliyozuka usiku huo inawahusu karibu waimbaji wote wa zilizopendwa ambao bado wanaalikwa Nairobi. Kabla ya wimbo wa tatu kwisha, rafiki yangu aliniinamia akasema, "Ameshusha ufunguo. Huyu si yule." Kushusha ufunguo ni kuuimba wimbo wote kwa noti za chini kuliko ulivyorekodiwa. Baadaye, tulipokuwa tukisubiri magari yatoke, nilisikia kauli hiyo ikirudiwa na watu kadhaa: kwamba mzee amekwisha, na kwamba afadhali tungebaki nyumbani na santuri zake.

Wanaosema hivyo wana haki yao. Tiketi ya tamasha la aina hii hugharimu maelfu ya shilingi, na bango linalotangaza tamasha mara nyingi hubeba picha iliyopigwa mwimbaji akiwa na umri wa miaka 30, jambo ambalo kwa kweli ni kumwuzia mtu ujana usiokuwepo. Isitoshe, kumbukumbu ni mali, nayo huweza kuharibika. Tangu usiku ule, kila ninapocheza santuri yake ninasikia sauti mbili, ile ya zamani na hii ya sasa iliyochoka, wala siwezi kuzitenganisha. Mtu anayekataa kwenda ili asipatwe na jambo hilo simlaumu.

Ninachokipinga ni ile sababu ya ufunguo, ambayo hutolewa kana kwamba ni ushahidi wa uvivu au wa udanganyifu. Umri hufanya kazi yake kooni kama unavyoifanya gotini. Nyuzi za sauti hupungua unene na unyumbufu, gegedu za zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, huwa ngumu zikikaribia kuwa mfupa, na kifua hakihimili pumzi kama zamani. Sauti ya mwanamke kwa kawaida huzidi kuwa nzito. Ya mwanamume, anapozungumza, huweza hata kupanda kidogo, lakini noti zake za juu za kuimbia humponyoka. Mwimbaji aliyefika hapo ana njia chache. Anaweza kupiga kelele pale alipokuwa akiimba. Anaweza kuwageuzia hadhira maikrofoni kila noti ya juu inapokaribia, tukadhani anatupenda. Anaweza kufungua kinywa juu ya wimbo uliorekodiwa, mtindo wa pleibeki ambao Nairobi tumeuvumilia mno. Au anaweza kushusha ufunguo.

Hiyo njia ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo isiyopewa heshima. Mwimbaji wetu alishusha toni nzima, kama kutoka re hadi do. Kwa hesabu ya mitetemo hiyo ni takriban asilimia 11 tu, tofauti ambayo wengi wetu tusingeitambua kama tusingekuwa tumeusikia wimbo wenyewe mara elfu moja. Lakini ifikirie asilimia hiyo 11 kutoka upande wa mpiga gitaa. Mapigo ya solo na ridhimu katika muziki wetu wa dansi mara nyingi yalitungwa mahali mahususi kwenye shingo ya gitaa, ambapo uzi ulioachwa wazi hulia katikati ya noti zinazobanwa na vidole. Ukishusha wimbo, uzi ule wazi hauafikiani tena na wimbo. Kuna kifaa cha kubana shingo ya gitaa ili kupandisha ufunguo. Cha kubana hivyo ili kuushusha hakipo. Kwa hiyo ama nyuzi zilegezwe, zikapoteza ule mlio mkavu tuliouzoea, ama vidole vijifunze njia mpya kabisa ya kufika kwenye pigo lilelile. Mpiga besi naye huingia katika noti za chini ambako sauti hutatizana na ngoma. Kazi hiyo hudai majuma ya mazoezi. Tuliposema "ameshusha ufunguo" kama shutuma, tulikuwa tukiitaja bidii yao bila kuitambua.

Tena tunamlinganisha na nini? Na santuri. Hapa ndipo ninapoona tumelielewa jambo hili kinyumenyume. Wimbo wa dansi wa Nairobi wa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kawaida, ulitoka katika santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, ambayo kila upande wake ulibeba dakika nne au tano hivi. Wimbo ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza ukabeba hadithi na maneno, na upande wa pili ukabeba sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, au chemko kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania. Redioni, enzi za Sauti ya Kenya kabla haijawa KBC mwaka 1989, mtangazaji mwenye rundo la kadi za salamu mara nyingi hakuwa na muda wa kugeuza upande. Wengi wetu basi tulikua tukizijua nusu za nyimbo. Ukumbini wimbo huohuo ulikwenda muda ambao wachezaji waliutaka. Kilichorekodiwa kilikuwa muhtasari wa kilichopigwa ukumbini, nasi leo tunamtaka mzee afanane na muhtasari.

Usiku ule wimbo mmoja ulichukua karibu robo saa. Maneno aliyaimba kwa uangalifu, mengine kwa shida. Sebene ilipoingia, alisogea kando, akamwita mpiga solo kwa jina, akataja mitaa, Kaloleni, Makongeni, Eastleigh, na kila mtaa ukaitika kutoka gizani. Hayo hayamo katika santuri yangu. Rafiki yangu, aliyekuwa amekwishatoa hukumu yake, alisimama akacheza.

Watetezi wa wazee hupenda kumtaja Bi Kidude wa Zanzibar, aliyeimba hadi uzeeni kabisa, akapewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005, na kufariki mwaka 2013, wala hakuna aliyemdai sauti ya ujana. Mfano huo naupenda, lakini haunisaidii sana. Sehemu kubwa ya ulimwengu ilimfahamu akiwa tayari mzee, na ukwaruzo wa sauti yake ndio uliokuwa sauti yake. Hakukuwa na santuri kipenzi ya kumshtaki kwayo. Mwimbaji wa dansi aliyevuma akiwa kijana hana ahueni hiyo.

Hoja ya wapinzani iliyo nzito zaidi, ambayo wao wenyewe huitaja kwa nadra, ni ya bendi. Les Wanyika ilianzishwa hapa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika, na kufikia mwaka 2000 ilikuwa imekwisha kuwapoteza Omar Shabani, mtunzi wa "Sina Makosa", na John Ngereza, kiongozi wake. Wimbo huo bado hupigwa mjini na bendi za kila aina, nzuri na mbovu. Sauti iliyozeeka inabaki kuwa ya mwenyewe. Gitaa lililokufa na mpigaji wake ni jambo jingine, na mwimbaji anayesimama mbele ya vijana waliokutanishwa asubuhi ya tamasha, bila mazoezi, anatupa kitu kilichopungua kweli.

Usiku wa Barabara ya Ngong haukuwa hivyo, maana wapigaji wale walikuwa wameuhamisha kila wimbo toni nzima bila kupoteza pigo. Hata hivyo sikuweza kuyajua majina yao hadi mzee alipowaita. Bango lilikuwa na picha yake ya zamani, bei ya tiketi na saa ya kuanza. Akirudi nitanunua tiketi tena, na waandalizi ningewaomba waweke picha yake ya mwaka huu, na chini yake majina ya watakaomshikia gitaa la solo, ridhimu na besi.