Moto wa Mei na Moto wa Septemba

Mwezi uliopita nilihudhuria mkutano wa hadhara katika kijiji kimoja nje ya Jiji la Mwanza, ambako ofisa mmoja alitangaza kuwa atakayewasha moto porini atalala mahabusu, akaagiza kila kaya ipande miti kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, kisha akaondoka kabla ya maswali. Vilima vilivyokuwa nyuma yake vilikwisha kuungua, kwa hiyo nadhani onyo liliyafikia majivu.

Nyasi zinazochomwa Mei au Juni, zikiwa bado na unyevu kidogo, huungua taratibu na mti hubaki hai. Zikiachwa hadi Septemba, zimekauka kabisa, moto hupanda hadi matawini na kuua miche yote. Hili analijua kila mzee wa Kisukuma aliyewahi kutunza ngitili, yaani malisho yanayotengwa na kuachwa yaote, na wanalijua askari wa hifadhi zetu za taifa, ambao uchomaji wa mapema ni sehemu ya kazi yao. Mwanakijiji akifanya jambo hilohilo anaitwa mharibifu wa mazingira. Matokeo yake huchoma usiku, kwa siri, bila kumwita jirani mwenye jembe na matawi ya kuzimia, na huo ndio moto unaovuka mipaka hadi kwenye shamba la mwenzake. Nakubali, shingo upande, kwamba wapo pia wanaochoma pori zima ili wapate ndezi wawili wa kitoweo, hao siwatetei.

Serikali yetu haijakosa mfano wa kufuata. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulirudisha zaidi ya hekta 300,000 za ngitili katika mkoa uliokuwa ukiitwa jangwa, na kilicholinda nyasi zile dhidi ya moto na mifugo ni dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu, walinzi wa jadi, watu waliokuwa na haki ya kuzitumia na mamlaka ya kumtoza faini anayeziharibu.

Wenye fedha nyingi kutuzidi nao hawakusikiliza. Aprili 2019, wakuu wastaafu 23 wa vikosi vya zimamoto na dharura nchini Australia, akiwamo Greg Mullins, waliomba kuonana na Waziri Mkuu Scott Morrison wamweleze hatari iliyokuwa ikija, hawakupewa nafasi. Moto wa msimu uliofuata uliua watu 33 na kuteketeza nyumba zaidi ya 3,000, naye Morrison katikati ya balaa hilo alikuwa mapumzikoni Hawaii. Baadaye iliundwa tume, ikatoa mapendekezo 80. Hata hivyo, kaskazini mwa nchi hiyohiyo, katika Arnhem Land, wenyeji wa asili wamekuwa wakilipwa tangu mwaka 2006 kuchoma nyasi mapema kwa utaratibu wao wa kale, na mlipaji, msicheke, alikuwa kampuni ya gesi.

Kilimanjaro ilipowaka Oktoba 2020, mamia ya watu walipandishwa mlimani kuzima. Sehemu ndogo tu ya gharama za kazi kama ile, ikitolewa mwezi Aprili kwa halmashauri ya kijiji, ingelipa vijana wafyeke njia za kuzuia moto na kusimamia uchomaji wa mapema mchana, kila mtu akiona. Semina za tabianchi kwenye hoteli za ufukweni, ambazo hazikosi bajeti, zinaweza kusubiri.