Kima wa Vrindavan hawana masihara

Mjomba aliipanga Taj Mahal siku ya Ijumaa. Kisa? Ni siku tukufu, na Mumtaz Mahal aliyezikwa pale alikuwa Mwislamu. Usimbishie, mwalimu mstaafu yule, na ratiba nzima ya India aliichora kwa rula na kalamu nyekundu, hata chooni tumepangiwa muda.

Basi Ijumaa Taj Mahal hufungwa. Wanaoruhusiwa ni wenyeji wanaokwenda kuswali kwenye msikiti uliomo ndani. Tulifika Agra tukapokewa na geti. Mama akamgeukia kaka yake: "Haya kaka, siku tukufu."

Tukaangukia kwenye ngome ya Agra. Shah Jahan, aliyemjengea mkewe kaburi lile, alifungiwa humo na mwanawe Aurangzeb mwaka 1658, akawa analichungulia kwa mbali mpaka alipokufa mwaka 1666. Nasi tukalichungulia vilevile. Ila yeye hakulipishwa kiingilio.

Nikasema, si turudi Taj kesho? "Kesho ni Vrindavan," akajibu Mjomba. "Ratiba ni ratiba."

Vrindavan ni mji wa mahekalu ya Krishna, mungu wa Wahindu, na Mjomba alitupangia lile la Banke Bihari, saa saba mchana. Saa hizo Krishna alikuwa anapumzika. Pamefungwa hadi jioni! Mama hakusema kitu. Alijifunika ushungi usoni, mabega yakawa yanamcheza.

Mjomba akasimama kichochoroni, akaikunjua karatasi aone palipokosewa. Hapo ndipo kima alipomshukia begani kutoka ukutani, akamvua miwani taratibu kabisa, sikio moja kisha la pili, kama muuguzi, akapanda nayo juu ya kibaraza.

Wenyeji wala hawakushtuka. Kima wa pale ndiyo kazi yao: wanapora miwani, unawapa juisi ya embe ya boksi, wanakurudishia. Muuzaji alikuwa ameshanyoosha mkono na boksi lake.

"Sitoi rushwa!" Mjomba akanguruma. Akamwonyesha kima kidole, kwa sauti ile ya darasa la saba: "Wewe! Shuka! Nahesabu mpaka tatu!"

Ilipofika mbili, kima akaung'ata mkono wa miwani, kwacha. Watoto wa mtaa walikuwa hoi kwa kicheko, wakaanza nao kumsaidia kuhesabu kwa Kiswahili kilichopinda.

Mama akalipa, akarusha boksi. Kima akalidaka kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaiachia miwani. Biashara safi, hata dukani sijaona uaminifu ule.

Mjomba akaiokota, akawa anaivaa upande upande. Kumbe kima wa pili yuko nyuma yake. Safari hii ikaondoka karatasi.

"Juisi! Leta juisi haraka!" Mjomba akapiga kelele.

Mama akamshika muuzaji mkono. "Tafadhali baba, hiyo mwachie."