Mateka Wawili wa Masaka

Watu wakisikia nilikuwa Vita vya Kagera, swali lao ni moja tu: uliua wangapi? Hakuna anayeniuliza niliteka wangapi, na huko ndiko nilikotia fora.

Nilikwenda kama mgambo. Mimi Msukuma wa Shinyanga, nimekulia machungani, nimejua kukamua kabla sijajua kuandika jina langu. Shikeni hilo. Mwalimu Nyerere alipotangaza Novemba 1978 kwamba uwezo wa kumpiga Idi Amin wa Uganda tunao, sababu tunayo na nia tunayo, tulikusanywa, tukafundishwa bunduki ya SMG, tukapelekwa Kagera. Kutoka Mutukula, mpakani na Uganda, kwenda mbele usafiri ulikuwa miguu. Tulitembea mpaka buti zikafungua midomo. Masaka ilipoanguka, tarehe 24 Februari 1979, mimi nilikuwa natafuta mahali pa kukaa nivue soksi tu.

Ndipo ikaja habari kwamba Gaddafi amemletea Amin askari wa Kilibya pamoja na vifaru. Katika seksheni yetu hakuna aliyewahi kumwona Mlibya. Lakini mtani wangu mmoja, Mzaramo wa Kisarawe, alikuwa na maelezo yote: ni warefu kupita kiasi, wanatembea usiku, na hawasemi kitu. Aliyajulia wapi, Mungu anajua.

Usiku huo lindo likawa langu, kando ya shamba la migomba. Mvua inapiga, giza hata kidole chako hukioni. Neno la siri: mlinzi anasema "Mbuyu", anayekuja anajibu "Mwembe". Asiyejibu, halali yako.

Nikasikia migomba inavunjika. Radi ikamulika mara moja, nikawaona. Wawili, warefu, bega kwa bega, mtutu wa kila mmoja umeelekea juu.

"Mbuyu!" nikasema.

Kimya.

"Mbuyu!"

Ikajibu sauti nzito: "Mmmm..."

Jasho likanitoka ndani ya mvua. Adui amepata neno letu, ila amesahau linavyoishia!

"Mikono juu!"

Radi ikapiga tena. Mikono ilikuwa juu tayari. Basi, nilichofundishwa ni kwamba mtu aliyeinua mikono hapigwi risasi, anatekwa. Nikawaelekezea bunduki, nikaita kwa sauti ya chini: "Afande! Nimeteka wawili!"

Sajini akaja na seksheni nzima wakitambaa kwa matumbo kwenye tope. Wakazunguka kulia, wakazunguka kushoto, kama tulivyofundishwa. Mtani wangu ndiye aliyewasha kurunzi.

Ng'ombe alitutazama. Alikuwa anacheua.

Mimi nashikilia mpaka leo: pembe za ng'ombe wa Kinyankole si pembe. Zinapanda juu, zinaachana, kati yake anaweza kupita mtoto na mzigo wake. Za Usukumani ningezijua hata nikiwa usingizini. Lakini nani alinisikiliza? Sajini alijipangusa tope usoni taratibu, akaniuliza: "Huyu ni mmoja. Mwenzake yuko wapi?"

Wakafarijiana kwamba angalau asubuhi watakula nyama. Wiki nzima ilikuwa biskuti. Kulipopambazuka akatokea mzee wa Kiganda na fimbo yake, ametafuta ng'ombe usiku kucha, akatushukuru sana kwa kumlindia. Sajini akamrudishia. Seksheni imekosa usingizi, imekosa na nyama, na wote wananitazama mimi. Mzaramo, mtu wa minazi, aliyekuwa akiwaogopa hata mbuzi, akawa anapita mahandaki yote akitangaza kwamba kuna Msukuma hajui ng'ombe.

Ya mapigano ya Lukaya, Machi, tulipokutana na Walibya wenyewe, sina utani nayo, nayaruka. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili.

Kosa kubwa lilikuwa barua. Mtani alikuwa na mwandiko mzuri, ndiye aliyetuandikia karibu wote. Kwa baba yangu aliandika: "Mzee, mwanao hajambo, na ameteka ng'ombe." Akanisomea mengine yote, hilo akaliruka. Kijijini barua ikasomwa mbele ya wazee. Ng'ombe mmoja hakutajwa kuwa mmoja, na kwetu mtu hafungi safari kutoka vitani na ng'ombe mmoja. Ilipofika kwenye vilabu vya pombe, lilikuwa zizi zima. Baba naye hakupoteza wakati: akaenda kunichumbia, mahari ng'ombe kumi na wawili, na akaahidi kwa kujiamini kabisa.

Nikashuka stesheni Shinyanga na begi la jeshi mgongoni na redio mkononi. Baba kanikumbatia, machozi yakamtoka. Kisha akachungulia nyuma yangu, akayatazama mabehewa mpaka la mwisho.

"Wengine wanashushwa wapi?"

"Wengine nani, Baba?"

Nyuma yake alikuwa amesimama mzee mwingine nisiyemfahamu, ameshika kamba mpya. Ndiye mkwe.

Binti nilimpenda, na yeye alinikubali, kwa hiyo njia ilikuwa moja, kulipa kidogo kidogo. Na miaka yenyewe ndiyo ile. Mwalimu alikuwa ametuomba tufunge mikanda miezi 18. Miezi ikaisha, mikanda ikabaki palepale. Foleni ya sabuni, foleni ya sukari, ugali wa unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano. Ng'ombe unampata kwa kulima pamba msimu mzima na kuomba mvua. Harusini mtani alikuja kutoka Kisarawe na mabegi mawili ya nazi, akasimama mbele ya ukoo wote wa mke wangu akasimulia kisa chote, radi kwa radi, mpaka na sauti ya "Mmmm".

Wa kumi na mbili nilimpeleka tukiwa tayari na watoto watatu. Dume jeusi, zuri, lilinigharimu mavuno yote. Mkwe akamzunguka polepole, akamshika nundu, akamkagua meno. Nikamuuliza: "Baba, umempokea?"

Akajibu: "Subiri kwanza. Mwambie ainue mikono."