Kabla ya kwenda uwanjani Tanga, tusikilize ngurumo

Wachezaji wengi wa gofu hapa Tanga wanapotaka kujua kama siku inafaa, hufungua simu, na wakiona picha ya wingu lenye matone huahirisha mchezo. Naamini kwamba kwa mji wa mwambao kama wetu kipimo hicho kinatupotosha, kwa sababu kinaipa uzito mvua, ambayo mara nyingi hupita, na hakisemi lolote la maana kuhusu radi na joto, ambavyo ndivyo hudhuru watu.

Radi haina mjadala. Mchezaji wa gofu husimama mahali pa wazi, akiwa na fimbo ya chuma mkononi, na pengine yeye ndiye mrefu kuliko kila kitu kilicho karibu naye. Mwaka 1975, katika mashindano karibu na Chicago, radi iliwajeruhi wachezaji mahiri Lee Trevino, Jerry Heard na Bobby Nichols, na Trevino alisumbuliwa na mgongo kwa muda mrefu baada ya hapo. Sauti husafiri kilometa moja kwa takriban sekunde tatu. Kwa hiyo ukiona mmweko na kusikia ngurumo kabla ya kuhesabu hadi thelathini, radi iko ndani ya kilometa kumi, na hapo umekwisha kuchelewa kuondoka. Kinga ni jengo imara au gari lililofungwa milango na vioo, wala si kivuli cha mwembe. Kisha isubiriwe nusu saa tangu ngurumo ya mwisho, hata kama jua limeshatoka. Kanuni za gofu zenyewe humruhusu mchezaji kusimamisha mchezo akiwa na sababu ya kuamini kwamba radi inamhatarisha, ilhali mvua peke yake haimpi ruhusa hiyo.

Hapa nasema kwa uchungu kidogo: kijana anayebeba mkoba wa fimbo hana sauti ya kumwambia mzee anayemlipa kwamba warudi. Uamuzi ni wa mchezaji, na unahusu maisha ya watu wawili.

Kuhusu joto tunajidanganya zaidi, kwa kuwa tumezaliwa nalo. Wakati wa kaskazi, hasa Januari hadi Machi, nyuzi 32 za Tanga huchosha kuliko nyuzi hizo hizo katika nchi kavu ya bara, kwa sababu hewa imejaa unyevu, jasho halikauki mwilini, na mwili unakosa njia yake kuu ya kujipoza. Mzunguko wa mashimo 18 huchukua kama saa nne za kutembea. Anayeanza saa nne asubuhi atamaliza katika jua kali kabisa la mchana, na kwa mtu mwenye shinikizo la damu naona hilo ni jambo la kukataa waziwazi, hata kama anga ni safi na simu inaonyesha jua linalong'aa. Aanze kunapopambazuka, au acheze mashimo tisa tu alasiri.

Upepo, kwa maoni yangu, haupaswi kumzuia mtu kabisa, isipokuwa ule unaovunja matawi. Kusi ya Juni hadi Agosti huleta hewa ya afadhali, na hiyo ndiyo miezi ninayoipenda kuliko yote. Tazama vilele vya minazi kabla ya kutazama bendera ya shimo, kwani mpira hupita juu, ambako upepo una nguvu kuliko ulipo wewe. Upepo wa mbisho hupunguza umbali wa mpira kuliko upepo wa nyuma unavyouongeza. Chagua fimbo kwa hesabu hiyo, na upige bila kutumia nguvu nyingi.

Manyunyu yanahitaji taulo kavu na viatu visivyoteleza, na maji yaliyotuama kwa muda kanuni zinaruhusu kuyaepuka bila adhabu. Masika ni habari nyingine: taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, uwanja uachwe upumzike, kwa kuwa nyasi zinazokanyagwa katika tope huchukua wiki nyingi kurudi.