Sina mtihani, nasoma tu

Nikifungua riwaya kwenye daladala, wa pembeni lazima achungulie jalada kisha aulize, "Una mtihani lini?" Sina mtihani! Nasoma kwa sababu napenda, tangu darasa la tatu tulipokuwa tunagombania na kaka zangu kitabu cha hadithi kisicho na jalada. Nani kasema ukimaliza kidato cha nne vitabu wapewe wauza karanga wafungie?

Kinachoniuma zaidi ni watu kuyasema haya mbele ya watoto. Binti wa jirani huja kuazima kitabu jioni, anasoma kasimama hapo hapo mlangoni, na mama yake anapaza sauti: "Acha hadithi, shika daftari!" Jamani, mwacheni amalize walau hiyo sura.