Mvua Iliyokwenda Kituoni

Kumbe yale maswali yaliondolewa! Kijana mmoja pale ofisini ndiye kanieleza leo asubuhi, kwa sauti ya mtu anayekujulisha kwamba chapati zimeisha. GMAT, ule mtihani wanaoutaka vyuo vya biashara huko Marekani, ulibadilishwa sura mwishoni mwa 2023, na kipengele kizima cha kusahihisha sentensi kikatupwa nje. Upande wa lugha umebaki na ufahamu na kupima hoja. Mimi huku nina kitabu cha mtumba kilichojaa wino wangu, na ada ya tuisheni nimelipa hadi mwisho wa mwezi.

Haya. Kama maarifa yangu hayana soko, wacha niyalalamikie.

Mliopitia mnajua mateso yenyewe. Sentensi ndefu, sehemu imepigwa mstari, majibu matano, na jibu la kwanza ni yaleyale maneno ya swali, hayajaguswa hata nukta. Wakati wa kufikiri haufiki hata dakika mbili. Ukianza kuilewa sentensi, muda umekwisha. Usipoielewa, muda umekwisha vilevile.

Mwalimu wetu wa tuisheni ni kijana mdogo, ananiita "braza" nikilipa na "mzee" nikichelewa. Siku ya somo la modifaya, yaani maneno ya kufafanua, akaandika ubaoni: "Walking to the bus stop, the rain soaked my certificates."

"Mzee, hapo nani anatembea?"

"Mimi."

"Wewe uko wapi kwenye sentensi?"

Nikatazama. Kweli simo. Nikajaribu kuingilia mlango wa nyuma: "Mwenye vyeti ni mimi."

"Anayetembea ni yule anayekuja mara tu baada ya mkato. Nani kaja?"

"Mvua."

"Basi mvua ndiyo ilikuwa inakwenda kituoni."

Darasa zima, watu wazima wenye familia zao, wakainama wakaandika kwenye daftari kwamba mvua ilikuwa inakwenda kituoni. Dada wa benki akapigia mstari kwa rula.

Nikanyoosha mkono. Nikasema, mwalimu, kwa heshima na taadhima, mvua ya mji huu inanilowesha tangu niko darasa la kwanza na sijawahi kuikuta kituoni inagombania daladala. Kwetu mtu akisema "nikienda zangu kituoni, mvua ikanilowesha vyeti", hata mtoto anajua nani alikuwa anakwenda. Ile "ni" imetangulia mbele kabisa. Halafu huyo Mzungu wenu anauza meza kwa mwanamke "with three legs", anatuachia sisi kesi. Sisi tukisikia "yenye miguu mitatu", ni meza. Tukisikia "mwenye", tunampa pole mama wa watu. Kuna cha kuuliza hapo?

"Mzee, mtihani hauulizi ngeli."

"Ungeuliza, ningekuwa Marekani saa hizi."

"Jibu ni D."

"D inasemaje?"

"Inasema, wakati nilipokuwa natembea kwenda kituoni, mvua ililowesha vyeti vyangu."

"Si ndicho nilichosema mimi sasa hivi?"

"Umekisema kwa Kiswahili."

Jamani! Nilikaa chini. Feni ilikuwa imezimika, mlinzi anagonga geti anataka tutoke, na mimi nimeshindwa kesi niliyoshinda.

Huo ulikuwa ufafanuzi. Ulinganifu ndio ulioniharibia kabisa. Kanuni yake fupi: ukitaja vitu kwa mfululizo, vyote vivae umbo moja. Ukianza na kupika na kufua, usimalizie na "anaimba". Ikikuingia kichwani, huwezi tena kusoma risiti kwa amani. Pale getini kwetu mwenye nyumba kabandika tangazo: "Ni marufuku kufua kibarazani, kelele usiku na mgeni asizidi siku tatu." Tazama balaa hilo: kitenzi, jina, amri! Nilivumilia nikashindwa. Nikaenda kwa mama mwenye nyumba, nikatoa shikamoo yangu vizuri, nikamweleza taratibu kwamba sentensi yake hailingani.

Alinisikiliza mpaka mwisho, ungo wa mchele mapajani.

"Baba Asha, ulipoisoma ulielewa au hukuelewa?"

"Nilielewa, mama."

"Na huyo mgeni wako wa tangu mwezi jana, yeye hakuelewa?"

Mgeni mwenyewe ni shemeji. Alikuja mjini kutafuta kazi, kupima macho na bado yupo. Siwezi kusema kitu, mama Asha ataninunia. Ila umeme wa elfu kumi siku hizi haumalizi wiki. Jana nimeamka usiku nasikia jagi linaunguruma jikoni. Shemeji anachemsha maji ya kuoga. Dar es Salaam, mwezi wa pili!