Usiniulize Mac au Windows Kabla Hujaniambia Kazi Yako

Wanaoingia kwenye usanifu wa michoro huniuliza swali lilelile: ninunue Mac au Windows? Nami huwarudishia jingine: kazi utakayolipwa ni ipi, na faili zako zitafunguliwa na nani? Asiye na jibu namsihi asitoe pesa bado.

Imani kwamba msanifu wa kweli hutumia Mac ina chanzo chake. Mwaka 1985 programu ya PageMaker, printa ya LaserWriter na PostScript, lugha ya kuielekeza printa jinsi ya kuchora ukurasa, zilikutana kwenye Macintosh, na upangaji wa kurasa ukaanza kuachana na mkasi na gundi. Illustrator, programu ya kuchora, ilizaliwa hukohuko mwaka 1987, kisha Photoshop ya kuhariri picha mwaka 1990, na watu wa Windows wakaisubiri Photoshop kwa zaidi ya miaka miwili. Matbaa zikajaa Mac, na mbunifu akafuata mashine ya mpiga chapa wake. Wakati ule ulikuwa uamuzi wa busara kabisa.

Lakini sehemu kubwa ya sababu hizo imekwisha. Photoshop, Illustrator na InDesign (ya kupanga kurasa) zinafanya kazi pande zote mbili, na faili inahama bila shida. Fonti za muundo wa OpenType, unaosomwa na mifumo yote miwili, zimetuondolea adha ya kuwa na toleo la Mac na toleo la Windows la herufi zilezile. Hata gamma ya skrini, yaani kipimo cha jinsi inavyopanga mwanga na giza, ambayo kwenye Mac ilikuwa 1.8 na kuzifanya picha zilizotengenezwa huko zionekane na giza kwenye Windows, Apple iliihamishia 2.2 mwaka 2009. Bado nasikia watu wakisema Mac ina rangi bora. Wanachosifu ni skrini, na skrini nzuri unaweza kuichomeka kwenye kompyuta yoyote.

Tofauti iliyobaki imo kwenye programu, na hapo haina huruma. Ukiajiriwa mahali wanapotumia 3ds Max, programu ya 3D, utahitaji Windows, kwa sababu haitengenezwi kwa mfumo mwingine. Timu ikichora kwa Sketch, programu ya kusanifu kurasa za app na tovuti, utahitaji Mac. Anayefanya 3D kwa injini ya kurenda (programu inayogeuza mandhari ya 3D kuwa picha kamili) inayotegemea CUDA, teknolojia ya Nvidia, anahitaji kadi ya michoro ya Nvidia, na Mac za leo hazikubali kadi hiyo. Blender, programu ya 3D ya bure, imejitahidi kuwapa watu wa Mac njia yao kupitia Metal, teknolojia ya michoro ya Apple, nami naishukuru kwa hilo, ila si kila injini imefanya hivyo.

Hapa niseme neno kuhusu RAM, kumbukumbu ambayo kompyuta huifanyia kazi, maana ndipo naona watu wakiumia. Tangu Apple ianze kutumia chipu zake mwaka 2020, kichakataji na sehemu ya michoro hutumia kumbukumbu moja. Ni jambo zuri: laptopu yenye kumbukumbu kubwa inaweza kubeba mandhari ya 3D ambayo kadi ya kawaida ingeshindwa kuyapokea. Lakini kumbukumbu hiyo haiongezwi baadaye. Uliyonunua siku ya kwanza ndiyo utakayoishi nayo mpaka mashine izeeke, na faili ya Photoshop yenye leya (tabaka za picha) nyingi inakula RAM bila kushiba. Kwenye kompyuta ya mezani ya Windows au Linux, mfumo wa bure, unaanza na kidogo, kisha unaongeza RAM na kubadilisha kadi kadiri kazi inavyokua. Kwa anayeanza na mfuko mwepesi, mimi nasema bila kusita: chukua hiyo.

Linux nayo isidharauliwe. Mwaka 1997 sehemu ya picha za filamu ya Titanic zilirendwa kwenye mashine za Linux, na hadi leo Maya, Houdini na Nuke, programu za 3D na athari za filamu, ziko nyumbani huko. Krita na Inkscape, za kuchora, ni zana za watu wazima. Kikwazo ni Adobe, kampuni inayotengeneza Photoshop na InDesign, ambayo haizitoi kwa Linux. Siku mteja atakapokuletea faili ya InDesign saa kumi jioni akiitaka kesho asubuhi, utajuta.

Mimi natumia Windows, kwa sababu nusu ya kazi yangu ni 3D. Hata hivyo, kosa lililonigharimu zaidi halikutokana na mfumo. Nilisanifu kitabu cha picha nikiwa nimeongeza mwanga wa skrini kupita kiasi. Kilipochapwa, nyuso zote zilitoka na kiza. Nililaumu matbaa wiki nzima mpaka nilipopata kifaa cha kupima rangi, nikakiweka juu ya kioo, nikaona nilivyokuwa nikidanganywa na macho yangu. Tangu hapo nikipanga bajeti naanza na skrini: kwa kazi za kuchapwa, inayofikia Adobe RGB, wigo wa rangi ulio mpana kuliko sRGB ya skrini nyingi za kawaida, kwani kuna rangi za samawati na kijani ambazo wino huzitoa lakini skrini ya sRGB haiwezi kuzionyesha. Pesa inayobaki ndiyo inanunua kompyuta.

Na kabla hujalipia, omba kuijaribu. Beba faili yako nzito kuliko zote, ifungue, zungusha, weka leya kumi zaidi, hifadhi, ukihesabu sekunde. Kisha ifungue tena huku umewasha programu nyingine unazozitumia kila siku.